Kasuku na Tangi la Samaki wa Mama

Kama umewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi yule, huna haja ya kuambiwa kwa nini watu walimwita Kasuku. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, limeandikwa hata kwenye leseni iliyotundikwa ukutani, lakini hata mkewe hakulitumia. Mtu yule alikuwa anaongea, jamani. Alianza akikufunga kitambaa shingoni na akaacha ukishatoka mlangoni, na wapo wanaoapa kwamba hata hapo hakuacha. Si kwamba alikuwa msengenyaji. Alikuwa na maneno tu, na maneno yakimjaa ilibidi yamwagike.

Tena alikuwa na mtindo mmoja wa kazi ambao vinyozi wengi wanao, ila yeye aliupitiliza. Kwake mteja hakumaliza sentensi. Unakaa, unasema, "Leo nataka pembeni..." anakudaka hapo hapo: "Pembeni chini, juu niache, nyuma nichonge mviringo, najua, najua." Na mara nyingi kweli alikuwa anajua. Miaka yote ya kushika vichwa vya watu ilimfundisha kwamba watu wanataka vitu vile vile vichache, na kumsubiri mtu atafute maneno ni kuwachelewesha waliopanga foleni. Wateja walipenda. Waliona wameeleweka.

Basi mtu huyo ndiye aliyejaliwa mama asiyesema.

Mama yake alipigwa na kiharusi akiwa anakunja nguo. Upande wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, ulimi ukawa mzito. Akili ilikuwa timamu, na daktari alilirudia hilo ili lieleweke. Maneno yapo, alisema, ila njia ya kutokea imeharibika, kwa hiyo yatatoka polepole, moja moja, na mengine yatagoma. Dada wa mazoezi ya kusema, ambaye alikuwa akija nyumbani na kadi zake za picha, akaongeza la kwake: "Asipoyatumia yatazidi kupotea. Mwongelesheni."

Sasa wewe mwambie Kasuku "mwongelesheni". Utakuwa umemwambia mlevi anywe kwa ajili ya afya yake. Alimhamishia mama nyumbani kwake, akamkalisha sebuleni kwenye kiti cha mikono, na kuanzia hapo akawa anamwongelesha asubuhi kabla ya kwenda kazini, mchana akirudi kula, na jioni mpaka mama wa watu anasinzia. Alimsimulia kila kichwa alichonyoa. Mama akifungua mdomo, "Na... nataka..." Kasuku anaruka: "Maji? Chai? Msalani? Mto umeshuka?" Na analeta vyote, kasoro msalani. Mama anafumba mdomo, anatazama dirishani. Haikupita muda mrefu akaacha hata kuanza.

"Anachoka haraka," Kasuku alimwambia mkewe.

"Labda," mkewe alisema. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache, na katika nyumba ile hapakuwa na nafasi ya mengi.

Aliyemwokoa mama ni samaki. Mteja mmoja aliyekuwa anahamia mbali alimwachia Kasuku tangi la kioo na samaki wa dhahabu, wanene, wavivu, wanaogelea kama watu waliotoka kula. Kasuku alilizungusha tangi nyumba nzima akitafuta pa kuliweka, mwisho akalitua sebuleni mbele ya kiti cha mama, juu ya meza ya kusomea waliyoitumia watoto wake kabla hawajawa watu wazima wakaenda kwao. Hakuwa na mpango wowote. Lakini siku moja alirudi nyumbani kabla ya wakati kuchukua simu aliyoisahau, akasikia sauti sebuleni. Akasimama kwenye ujia, viatu mkononi. Mama alikuwa ameinamia tangi kidogo, kiganja cha kushoto kimelala kwenye kioo, na alikuwa anasema.

"We... wewe mwe... mwekundu. Umekula cha... cha mwenzio."

Kimya kirefu. Samaki anafungua mdomo, anafumba, anafungua. Halafu mama tena: "Na... nakuona."

Kasuku alilia pale pale kwenye ujia, mwanaume mzima na ndevu zake. Kisha akaingia mbio. "Mama, umesema, nimekusikia mimi mwenyewe, umesema amekula chakula cha mwenzake, ni yupi, huyu mwenye doa mgongoni au yule mkubwa, maana yule mkubwa nilimwona tangu juzi ana tabia..." Mama akamtazama. Akafumba mdomo. Hakusema tena siku ile.

Alijaribu mara nyingine, kwa hila na kwa wazi, na jibu likawa lile lile. Mama anaongea na samaki, na haongei na mwanadamu. Ilimuuma sana, tusifichane. Mtoto amezaliwa na mama yule, amebebwa mgongoni, amefundishwa kusema na kinywa kile kile, halafu kinywa kinamfungukia samaki. Lakini dada wa mazoezi alifurahi. Alisema ni vizuri mno, maneno yanatumika, yanazidi kunyooka, mwacheni na samaki wake na wengine watafuata. Kasuku akajikaza akakubali. Asubuhi alikuwa akiwalisha, anamwambia mama, "Haya, wenzako hao," kisha anaenda zake. Siku moja mama alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye tangi akaanza, "Hi... hii..." na Kasuku, ambaye alikuwa amechelewa, akamjibu, "Nimeshawalisha, mama, wameshiba, usiwe na wasiwasi," akafunga mlango.

Halafu tangi likapasuka.

Lilipasuka mchana, nyumbani kukiwa hakuna mtu ila mama. Ufa ulianzia kona ya chini ukapanda hadi katikati. Mkewe Kasuku aliporudi kutoka shuleni alikuta maji yamefika mlangoni, na mama amesimama katikati yake, fimbo ya kutembelea mkononi, anaielekeza kule kwenye tangi na kusema, "E... e... i..." Samaki waliokuwa wamebaki kwenye maji kidogo yaliyokuwa bado hayajavuja waliokolewa wote wakatiwa kwenye beseni la kufulia. Kasuku alipofika akatazama ufa. Akatazama fimbo, ambayo chini ilikuwa imevishwa chuma. Hesabu ikamjia bila taabu.

"Mama, usijali," alimwambia, amepiga magoti akimfuta miguu kwa taulo. "Ulitaka kuwaita, ukagonga kwa bahati mbaya. Chuma na kioo, ungefanyaje?"

Mama akatikisa kichwa. "E... i..."

"Hakuna anayekulaumu, mama yangu. Tutatafuta jingine."

Alitikisa kichwa mara nyingine, kwa nguvu, mpaka kitambaa chake kikateleza. Kasuku akamfunga vizuri, akamkalisha, akambusu kwenye paji la uso. Mama akaacha kutikisa. Na hapo ndipo alipoacha kila kitu. Beseni liliwekwa sakafuni, na kutoka pale alipokaa alikuwa haoni ila ukingo wa buluu. Kuinama hawezi, na macho yenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa uzee. Dada wa mazoezi alikuja na kadi zake, akaonyesha nyumba, akaonyesha paka, akaonyesha mtoto anapiga mswaki. Hakupata hata herufi. Akiondoka alimvuta Kasuku pembeni akamwambia kwamba kimya cha namna hii kikishazoeleka ni vigumu sana kumtoa mtu humo.

Kwa hiyo ilibidi tangi lipatikane, na lipatikane upesi. Kazi nyepesi, utasema. Kasuku naye alisema hivyo hivyo.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa kwenye jengo la maduka, kati ya fundi saa na muuza mapazia. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo ambaye mikono yake haikukauka kamwe, kila dakika ameichovya kwenye maji ya mtu. Kasuku akamweleza shida yake tangu kiharusi mpaka beseni. Alipotua kupumua, yule mama akauliza, "Unataka la kioo au la akriliki?"

Kasuku alikuwa hajui kwamba kuna swali.

Akaonyeshwa. Akriliki ni plastiki, lakini si hii ya ndoo. Ni ngumu, inang'aa, ukiisimamisha kando ya kioo unaweza kusema ndiyo kioo chenyewe. Tena ina uangavu kuliko kioo, maana kioo kikiwa kinene kinaingia rangi ya kijani kidogo. Ni nyepesi, mtu mmoja anabeba. Ukiigonga haivunjiki kirahisi. Kasuku akafurahi, akasema basi, yamekwisha, nifungie. Mama wa duka akamwambia asubiri. Akriliki inachubuka. Ukiifuta na kitambaa chenye chembe ya mchanga, imechubuka. Ukiipitishia pete, imechubuka. Michubuko ikizidi, tangi zima linakuwa kama limewekewa ukungu, na samaki unawaona kivuli. Kioo hakina tatizo hilo. Ukikitunza kinakaa miaka na miaka kiangavu vile vile. Lakini kioo ni kizito, na kikigongwa vibaya ndiyo hivyo tena.

"Kwa hiyo nichukue kipi?" Kasuku aliuliza.

"Inategemea. Mama anaona vizuri?"

"Haoni vizuri."

"Basi kioo, maana akriliki ikishachubuka hataona kitu. Ila umesema ana fimbo."

"Anayo. Ya chuma."

"Basi akriliki, asije akajikata." Mama wa duka alichovya mkono kwenye tangi moja akamgeuza konokono aliyekuwa amelala chali. "Na hiyo meza yenu ya kuwekea, ime..."

"Meza ni ya mbao ngumu, haina shida, unaweza kupanda juu ukacheza ngoma," Kasuku alisema. "Shida yangu ni kioo na akriliki. Wewe ungekuwa ni mama yako ungechukua kipi?"

Mama wa duka akasema ukweli wa Mungu hajui. Kasuku akatoka mikono mitupu, kichwa kinamzunguka.

Alifanya kosa la kulipeleka jambo lile kwenye saluni yake. Unajua mwenyewe saluni ilivyo: ukitaka jibu moja usiulize pale. Dereva wa lori aliyekuwa anapakwa povu alisema akriliki, hakuna kufikiri, kioo cha mbele cha gari lake kilipigwa na kokoto kikawa utando mtupu. Kasuku akakubali kabisa, akamalizia kidevu cha dereva akiwa mtu wa akriliki. Akaingia mpiga picha za pasipoti. Yeye alisema plastiki yoyote inayokaa karibu na dirisha huwa inaingia umanjano, ameona kwa macho yake, lenzi za bei rahisi zote zimekwenda na maji. Unataka mama yako aangalie samaki kwenye chai? Kasuku akamwona ana maana. Alipomkung'uta mpiga picha nywele za shingoni alikuwa tayari mtu wa kioo. Mzee mmoja wa hospitali, mstaafu, akasema aliwahi kushona watu waliokatwa na vioo, na hataki kuzungumzia. Hapo hapo Kasuku akarudi akriliki. Kila kichwa alichonyoa kilimwacha na msimamo mpya, na kufikia mchana watu walikuwa wanabishana wenyewe kwa wenyewe, hawamhitaji.

Katikati ya zogo hilo alikaa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, mteja wa miaka mingi, mwenye masharubu mazito ambayo wanafunzi wa vizazi kadhaa walikuwa wameyachora kwenye madaftari yao. Alilaza kichwa nyuma. "Masharubu..." alisema.

"Najua, mwalimu, najua," Kasuku alisema, huku amemgeukia dereva, ambaye hakuwa ameondoka, akimuuliza kama kokoto ile ilipiga katikati au pembeni. Wembe ukapita upande huu. Ukapita upande ule. Saluni ikanyamaza kidogo kidogo, na Kasuku akawa wa mwisho kugundua kwa nini.

Mwalimu alijitazama kwenye kioo cha ukutani kwa muda mrefu. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kuliko uso wote, umekaa peke yake. "Nilikuwa nataka kusema usiyaguse," alisema.

Kasuku aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Akasema ni mawazo, ni lile tangi, usiku halali, chakula hali, akili haiko hapa. Wote wakamwonea huruma, na mwalimu, mtu wa watu, akamsamehe, akaondoka ameziba mdomo kwa leso. Waliobaki wakakubaliana kwamba bwana huyu lazima anunue tangi haraka kabla hajanyoa mtu sikio. Wakarudi kwenye kioo na akriliki.

Jioni ile alimkuta mama kiti kile kile, anatazama mahali patupu juu ya meza palipokuwa na tangi. Beseni lilikuwa chini, samaki wanazunguka. Kasuku akaketi kwenye kochi, akashika tama. Kwa mara ya kwanza mkewe alimwona mumewe amekaa kimya bila kulala.

"Sijui," Kasuku alisema mwisho. "Nikinunua kioo atavunja, ataumia. Nikinunua plastiki itachubuka, hatawaona, atanyamaza moja kwa moja. Yaani chochote nitakachofanya ni mimi nitakayekuwa nimemnyamazisha. Nimechanganyikiwa, mke wangu. Sijui kushoto wala kulia."

"Si umuulize mwenyewe?"

"Hasemi."

"Macho anayo," mkewe alisema. "Mwonyeshe. Atanyoosha kidole."

Wazo lilikuwa dogo mno hivi kwamba Kasuku alilikasirikia kidogo kwa kutokuwa la kwake. Lakini alirudi kwa yule mama wa duka, akapewa vipande viwili vya kuazima, kimoja kioo kimoja akriliki, vya ukubwa wa sinia, kingo zimezungushiwa utepe zisikate. Akangoja Jumatatu, siku ambayo vinyozi wa mji ule hufunga.

Asubuhi ya Jumatatu jua lilikuwa limeingia sebuleni vizuri. Mpango wake ulikuwa huu: atapiga magoti nyuma ya meza, pale pale walipokuwa wanaogelea samaki, atasimamisha kipande kimoja mbele ya uso wake, mama atazame, kisha cha pili, mama atazame, halafu anyooshe kidole kwa kile alichoona vizuri. Mkewe alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, anachambua mboga, ameombwa awe shahidi.

Kasuku akapiga magoti. Akaegemeza viwiko juu ya meza, akakamata kile cha kioo kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na uso.

"Haya, mama," alisema. "Hiki ndicho kioo, kile cha zamani kilikuwa kama hiki, sasa wewe angalia kama pua yangu unaiona vizuri, na hizi ndevu, usiwe na haraka, halafu nitakuwekea..."

"Unaweka ukungu," mkewe alisema.

Kweli. Pumzi yake ilikuwa imetanda kwenye kioo chote, na nyuma yake hakuonekana mtu, ila vivuli. Akakifuta kwa mkono wa shati. Akakisimamisha tena. "Samahani, mama, ni pumzi tu, nilikuwa nasema kwamba..." Kikaingia ukungu tena.

"Fumba mdomo," mkewe alisema, bila ukali. "Usiseme kitu mpaka amalize kuangalia. Pumulia puani, taratibu."

Kasuku akafuta, akasimamisha, akafumba mdomo. Usicheke, kwa mtu kama yule ile ilikuwa kazi nzito. Maneno yalimpanda mpaka kwenye meno. Alitaka kumwambia mama asogee mbele. Alitaka kumuuliza kama jua linamuumiza. Alitaka hata kusimulia habari ya masharubu ya mwalimu. Akabana. Friji lilikuwa linaunguruma jikoni, na mkewe akawa anavunja majani ya mboga, kisha hata yeye akaacha.

Mama alimtazama. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyerudi kutoka safari, kuanzia kwenye nywele, akashuka, akapanda tena. Muda ulikwenda sana. Mikono ya Kasuku ikaanza kuuma. Ndipo akaona koo la mama linacheza, na mdomo unafunguka upande ule mzima.

"U... u..."

Unaona, Kasuku aliwaza. Anataka kusema unaona, au unaonekana, au ukungu. Ulimi ulikuwa tayari umesharuka. Lakini akisema ataweka ukungu, na mama hataona, na kazi yote itaanza upya. Akaung'ata kweli kweli, mpaka akasikia ladha ya chumvi.

"U... ume..." Kimya. Macho yake hayakuondoka. "Ume... konda."

Kasuku hakuwa amelikaribia neno hilo hata kidogo. Katika maneno yote aliyokuwa amempangia mama yake, hilo halikuwamo. Akabaki ameduwaa nyuma ya kioo, na fikra mbaya ikamjia kwamba labda hata maji hakuwa anayataka, hata chai, hata mto, siku zote zile. Machozi yakamjaa. Aliogopa kuyafuta asije akakishusha kioo.

Mkewe alinyanyuka polepole, akamtoa kile cha kioo mikononi, akampa cha akriliki. Kasuku akakisimamisha, mdomo umefumbwa. Mama akatazama tena, kwa uangalifu ule ule.

"Ni... ni wewe... tu," alisema. Upande mmoja wa uso wake ukacheka. "Si... sioni... tofauti."

Ingekuwa siku nyingine Kasuku angeangua kicheko, angewakumbuka dereva na mpiga picha na mstaafu, angelalamika kwamba amepoteza usingizi bure. Leo hakucheka. Hakujua ni kioo au ni akriliki, na sasa hakujua hata kama hilo ndilo lilikuwa swali. Akaendelea kukishikilia tu, kwa sababu mdomo wa mama ulikuwa bado haujafungwa.

Mama akanyanyua mkono wa kushoto. Akaonyesha chini, kwenye viwiko vya mwanawe.

"Hi... hii meza." Akapumzika. "Ime... lala. Upande. Huko."

Kasuku akatazama chini. Kiwiko cha kulia kilikuwa chini kuliko cha kushoto. Si sana. Kiasi tu cha maji ya tangi zima kuegemea kona moja siku baada ya siku.

"Ikawa... inazidi," mama alisema. "Kioo... kika... kikalia. Mi... mimi nime... nimekaa. Hapa." Akaupiga mkono wa kiti. Kijasho kilikuwa kimemtoka kwenye paji la uso. "Si... sikugonga."

Mkewe Kasuku alijifunika mdomo kwa kiganja chenye majani.

"Nili... kuwa... nakuambia," mama alisema. "Ka... kabla. Na siku... ile. Na... na siku zote. Wewe..." Hapa neno liligoma. Akalitafuta, akalikosa, akafumba macho, akaenda kulitafuta kwingine, na hakuna mtu sebuleni aliyemsaidia. "Wewe... hungoji. Wale... wanangoja."

Aibu ilimshika Kasuku mwili mzima, mpaka masikio yakapata moto. Akashusha akriliki juu ya meza. Alikuwa na mengi: nisamehe, mama, sikujua, nilidhani nakusaidia, daktari alisema, dada alisema, tangu leo nitafanya hivi na hivi. Yote yakaja kwa pamoja, yakasukumana, naye akavuta pumzi ili aanze.

Mama akanyanyua kidole kimoja.

"Ba... bado," alisema. "Sija... maliza."

Kasuku akaitoa ile pumzi kimya kimya, akarudi kwenye magoti yake, akangoja.